Kelele za sherehe na ujenzi Dodoma: maswali ambayo wakazi huuliza kila mara

Maswali haya yameulizwa na wakazi wa Nkuhungu, Ilazo, Kisasa, Chang'ombe na kwingineko jijini Dodoma. Mengine yaliulizwa ofisini kwa mtendaji wa mtaa, mengine kwenye makundi ya WhatsApp saa 7 usiku, mtu akiwa kashindwa kulala. Wanaouliza si walalamikaji peke yao. Wamo wenye kumbi, washereheshaji, mafundi na makandarasi wanaotaka kujua mpaka uko wapi kabla hawajauvuka. Nimekaa kwenye kamati ya mtaa muda wa kutosha kuona kwamba ugomvi mwingi wa kelele huzaliwa na imani moja: kwamba mwenye kibali mkononi hadaiwi tena kitu na jirani yake. Si kweli, na majibu mengi hapa chini yanaeleza kwa nini.

Kwani ipo sheria ya kelele, au tunategemea ustaarabu tu?

Ipo, na imeandikwa kwa namba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya kuwa katika mazingira safi, salama na yenye afya, na inamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa. Chini yake zikatungwa kanuni za viwango vya udhibiti wa kelele na mitetemo za mwaka 2015. Msimamizi mkuu wa kanuni hizo ni Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, ambalo lina ofisi ya Kanda ya Kati hapa Dodoma. Halmashauri ya Jiji nayo ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo na ina maofisa mazingira wake. Tena Kanuni ya Adhabu, ile inayohusu jinai, inahesabu kero kwa umma kuwa kosa. Kwa hiyo anayekuambia "kama hutaki kelele rudi kijijini" hana sheria yoyote upande wake.

Muziki mwisho ni saa ngapi?

Mtaani utapewa majibu matatu: saa 6 usiku, saa 8 usiku, na "wikiendi ni ruksa". Kanuni za 2015 zinaigawa siku mara mbili tu. Mchana ni kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku, na usiku ni kuanzia saa 4 hadi saa 12 asubuhi.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Saa 4 si saa ya kuzima kila kitu, na kabla ya saa 4 si wakati wa kupiga utakavyo. Kila kipindi kina kiwango chake kulingana na eneo. Kwenye nyumba za makazi kiwango cha juu ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 50 mchana na 35 usiku. Makazi yaliyochanganyika na biashara na burudani ni 55 mchana na 45 usiku. Penye makazi, biashara na viwanda vidogo ni 60 na 50, na eneo la viwanda ni 70 na 60. Hospitali, vyuo, maktaba na nyumba za kutunzia wazee zina kiwango kikali kuliko vyote mchana: 45, na usiku 35. Kwa maana hiyo anayepiga muziki mzito karibu na Hospitali ya Benjamin Mkapa, General au Mirembe saa 8 mchana anaweza kuwa amevunja kanuni huku jua likiwaka.

Saa za kuuza pombe ni jambo jingine. Hizo zinatokana na leseni ya vileo. Baa inaweza kuwa bado iko ndani ya saa zake za kuuza na papo hapo iwe imezidisha sauti.

Desibeli 50 ni sauti ya namna gani?

Watu wawili wakizungumza kawaida, wamekaa umbali wa mita moja, wanafika karibu desibeli 60. Thelathini na tano ni chumba kilichotulia, ambamo unamsikia mtu akinong'ona. Kipimo hiki hakipandi kama shilingi: kuongeza desibeli 10 maana yake sikio linasikia sauti kama imekuwa kubwa mara mbili hivi. Ndiyo maana mwenye ukumbi akisema "tumezidisha kidogo tu, ishirini", hicho kidogo si kidogo.

Ukumbi uko mbali kabisa. Mbona tunausikia kama uko chumbani?

Kwa sababu umbali unapunguza sauti taratibu kuliko watu wanavyodhani. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili sauti kutoka kwenye spika hupungua desibeli 6 tu. Chukua spika inayotoa desibeli 100 ukisimama mita moja mbele yake, na hilo si jambo la ajabu kwenye sherehe. Ukienda mita 2 inabaki 94, mita 4 ni 88, mita 8 ni 82. Endelea hivyo hivyo hadi mita 256, bado utakuta 52. Hapo umeshavuka viwanja vya majirani wengi, na bado uko juu ya kiwango cha mchana cha makazi, sembuse cha usiku.

Kisha kuna usiku wa Dodoma wenyewe. Huku kwetu anga huwa jeupe miezi mingi, na ardhi ikishapoteza joto la mchana hupoa haraka, hasa Juni hadi Agosti. Hewa iliyo karibu na ardhi inakuwa baridi kuliko ile ya juu, na sauti iliyotaka kupaa inapindishwa kurudi chini. Ongeza uwanda ulio wazi na upepo, na muziki unaopigwa Nzuguni unaweza kusikika mahali ambapo mchana usingejua kama kuna ukumbi.

Besi ndiyo inayosumbua zaidi. Sauti nyembamba huzuiwa na ukuta na miti, lakini besi hupita. Weka kiganja kwenye kioo cha dirisha la alumini usiku wa harusi ya mtaa wa pili: maneno ya mshereheshaji huyasikii, lakini kioo kinatetemeka kwa kila pigo, na ile mpira nyeusi ya pembeni inalia kama nyuki. Mtoto mchanga hawezi kulala chumba hicho hata mlango ukifungwa. Kwa hiyo nikimwomba fundi mitambo apunguze kitu kimoja, huwa namwomba apunguze besi kwanza. Wageni ukumbini karibu hawataona tofauti, lakini mtaa mzima utaiona.

Nataka kufanya tamasha au onyesho la muziki. Vibali naanzia wapi?

Anzia mtaani, hata kama tukio ni kubwa. Barua yako ipite kwa mtendaji wa mtaa na wa kata kabla ya kufika ofisi ya Jiji kwa afisa utamaduni, ambaye ndiye anayeshughulikia vibali vya burudani. Promota na msanii wana mambo yao ya usajili na vibali kwa Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Ukitaka eneo la wazi la umma kama Nyerere Square, zungumza na Jiji mapema kuhusu matumizi ya eneo. Ukifunga barabara, wahusishe polisi wa usalama barabarani na mwenye barabara, TANROADS (Wakala wa Barabara) au TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini) kutegemea ni ipi. Na kama ni mkutano wa hadhara au maandamano, sheria inataka taarifa iwafikie polisi angalau saa 48 kabla.

Kwenye barua andika mambo ambayo watu huyaacha: saa ya kujaribu mitambo, si saa ya kuanza tukio peke yake, spika zitaelekea wapi, nani ana mamlaka ya kupunguza sauti usiku huo na simu yake ni ipi. Majaribio ya mitambo yanaweza kuanza asubuhi na kukera mtaa kuliko tukio lenyewe, kwa sababu fundi anarudia wimbo ule ule nusu nusu kwa saa tatu.

Malipo yote ya serikali hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Ukidaiwa fedha taslimu mkononi ili "uachwe mpaka asubuhi", ujue umenunua hewa. Hakuna ofisa wa mtaa anayeweza kukuuzia desibeli.

Nilikuwa na kibali na bado walikuja kunizimia muziki. Wana haki hiyo?

Mara nyingi wanayo. Kibali cha burudani kinakuruhusu kufanya tukio lako mahali fulani na saa fulani. Hakikuruhusu kuzidisha viwango vya kelele, kama leseni ya udereva isivyokuruhusu kupita mwendo uliowekwa. Kisome chote, hadi masharti yaliyo chini ya muhuri. Kama kimesema saa 4 na wamekuja saa 3, una hoja, lakini kama wamekuja kwa sababu ya ukubwa wa sauti, saa haikusaidii.

Jambo la busara wakija ni kupunguza kwanza, kujadiliana baadaye. Wengi wa wanaofungiwa vifaa ni wale waliobishana huku muziki ukiendelea.

Sherehe ya nyumbani chini ya turubai inahitaji kibali?

Kipaimara, maulidi, mahafali, sendofu, kitchen pati: mtaa mwingi huchukulia kwamba hizo ni za kifamilia na haziombewi ruhusa. Ushauri wangu ni kumjulisha mtendaji au mwenyekiti wa mtaa kila mara, na ukitaka kuziba njia kwa turubai uombe kabisa. Viwango vya kelele vinakuhusu hata kama hukukata tiketi.

Majirani wajulishwe siku mbili tatu kabla. Ujumbe kama huu umeokoa sherehe nyingi:

"Habari za jioni majirani. Shikamooni wazee wetu. Jumamosi tuna sendofu ya binti yetu hapa nyumbani, nyumba yenye geti la bluu karibu na kisima. Muziki utaanza saa 9 alasiri na saa 4 usiku tunauzima, tutabaki na maongezi. Spika tumezielekeza upande wa barabara. Tunajua kwa Bibi kuna mgonjwa, tutapita kumwona kabla. Sauti ikizidi mpigieni shemeji anayesimamia mitambo, namba yake ni hii hapa. Karibuni sana pilau."

Ona kilichomo: saa ya kumaliza, mwelekeo wa spika, mtu wa kupigiwa, na mgonjwa aliyetajwa kwa heshima. Jirani aliyeandikiwa hivyo atavumilia mengi. Yule aliyeshtukia turubai asubuhi anahesabu dakika.

Na msibani?

Hapa naomba watu watangulize utu. Msiba haupangwi, na nyimbo za maombolezo zinawasaidia wafiwa kuupita usiku. Hata hivyo siku hizi msiba unaletewa spika kubwa kama za harusi, na zinapiga siku tatu mfululizo. Anayefaa kusema ni mzee wa mtaa au kiongozi wa dini, aende kwa wasimamizi wa msiba, si kwa mfiwa, aombe spika zielekee walipo waombolezaji na baada ya saa 4 usiku zibaki sauti za watu. Sijawahi kuona familia iliyokataa ikiombwa hivyo. Kupigia polisi simu kuhusu msiba bila kuzungumza kwanza ni kujitenga na mtaa wako kwa miaka.

Makanisa na misikiti je? Hawa nao wanaguswa?

Kipimo cha desibeli hakibagui sauti inatoka baa au inatoka nyumba ya ibada. Lakini tutenganishe mambo. Kengele na adhana ni za dakika chache, kila mtu anazijua saa zake, na mitaa yetu imeishi nazo vizazi na vizazi. Malalamiko tunayoyapata ni ya mkesha wenye vyombo vya muziki na spika zilizotundikwa nje ya jengo, ilhali waumini wote wako ndani. Suluhisho ni rahisi kuliko linavyodhaniwa: spika za nje zizimwe baada ya saa 4, za ndani zitoshe waliomo. Ongea na mchungaji, padri au imamu, ikiwezekana ukiongozana na muumini wao anayeishi mtaa huo huo. Usianze na barua ya malalamiko.

Magari ya matangazo na kampeni yana ruhusa maalumu?

Gari la matangazo linahitaji ruhusa ya Jiji, na kulipia ruhusa hiyo hakumpi dereva haki ya kuegesha mbele ya wodi au dirisha la darasa. Mwezi Septemba wanafunzi wa darasa la saba wanafanya mtihani wa taifa na Novemba ni kidato cha nne. Wenye magari haya wafikirie hilo bila kukumbushwa. Mikutano ya kampeni za uchaguzi, kwa maadili ya uchaguzi, huanza saa 2 asubuhi na kukoma saa 12 jioni.

Fundi wa jirani anaanza kazi alfajiri. Saa halali ya ujenzi ni ipi?

Kwa kanuni za kelele, mchana huanza saa 12 asubuhi, kwa hiyo fundi aliyefika saa 12 na nusu hajafanya kosa kwa kufika. Kinachoangaliwa ni anachokifanya. Kupiga plasta, kusuka nondo, kupanga matofali ni kazi za utulivu. Grainda inayokata vigae, mashine ya kuvunja zege na mashine ya kufyatua matofali ni jambo jingine. Mpangilio unaofanya kazi vizuri mitaani ni kazi za utulivu kwanza, na mashine za kelele zianze saa 2 asubuhi na zinyamaze saa 12 jioni. Soma pia kibali chako cha ujenzi na masharti yake, kwa sababu kikiweka saa, saa hizo ndizo zinazokufunga.

Kwa mradi mkubwa tafuta bango. Eneo la ujenzi linatakiwa kuwa na bango linalomtaja mwenye mradi, mkandarasi, mshauri na namba za usajili. Lipige picha. Malalamiko yenye jina la mkandarasi hushughulikiwa haraka kuliko malalamiko ya "wale wanaojenga ghorofa".

Mbona wanamwaga zege usiku? Si wangefanya mchana?

Swali hili linahitaji haki pande zote mbili. Zege likishaanza kumwagwa kwenye slabu haliachwi katikati, kwa sababu zege jipya likija juu ya lililokwisha kushika, pale yanapokutana pana udhaifu. Na Dodoma ina jua kali na upepo mkavu unaonyonya maji ya zege haraka mno, hasa Septemba na Oktoba kabla ya mvua, na zege lililopoteza maji mapema hupasuka. Mhandisi anayechagua jioni au alfajiri ana sababu ya msingi.

Asichokuwa na sababu nacho ni kuwashtukiza majirani. Mkandarasi anajua ukubwa wa slabu na anajua atahitaji malori mangapi, hivyo anaweza kukadiria atamaliza saa ngapi. Aanze mapema ili kazi iishe kabla ya saa 4 usiku. Akiona haitawezekana, aombe ruhusa kwa maandishi Jiji na awasiliane na NEMC, kisha aende nyumba kwa nyumba. Jenereta na mikisa ya zege iwekwe upande usio na nyumba. Malori yasipige honi kuita mlinzi. Mlinzi awe na tochi getini. King'ora cha lori linaporudi nyuma kisikatwe waya hata siku moja, kinaokoa maisha ya vibarua. Badala yake pangeni njia ili lori liingie na kutoka bila kurudi nyuma.

Miradi ya serikali inaruhusiwa kupiga kelele kuliko ya watu binafsi?

Swali hili limekua pamoja na mji. Serikali ilitangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, CDA, mamlaka iliyokuwa ikisimamia ustawishaji wa makao makuu, ikavunjwa 2017, na tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikawa jiji. Tangu hapo tumeona Mji wa Serikali ukijengwa Mtumba, reli ya kisasa, uwanja wa ndege Msalato, na barabara ya mzunguko wa nje yenye kilometa 112.3. Wote tunafaidika, na wengi wetu tumepata ajira humo.

Lakini mradi mkubwa, uwe wa serikali au wa mtu binafsi, unatakiwa kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira, na cheti chake hutoka na masharti. Humo ndimo utakapokuta mpango wa kudhibiti kelele, vumbi na mitetemo. Mtaa una haki ya kuuliza masharti hayo yanasemaje. Mkutano wa mtaa ukimwita mkandarasi, kwa kawaida hutuma ofisa wake wa mazingira au wa mahusiano ya jamii, na mengi humalizwa palepale.

Rola na vijiko vinatikisa nyumba yangu, na sasa nimeona ufa. Nitalipwa?

Inategemea utathibitisha nini. Kanuni za 2015 zinahusu mitetemo pia, si kelele pekee. Ugumu ni kwamba nyumba zetu hupata nyufa kwa sababu nyingi: msingi mfupi, udongo unaovimba na kunywea, hata matetemeko madogo ambayo ukanda huu wa Bonde la Ufa huyapata. Mkandarasi atasema ufa ulikuwepo.

Kwa hiyo fanya kazi yako kabla ya rola kufika. Ukisikia barabara inakuja, piga picha kila ukuta, ndani na nje, na gazeti la siku hiyo au kitu chenye tarehe kiwe ndani ya picha. Penye ufa wa zamani weka alama ya penseli mwisho wake na uandike tarehe ukutani. Waombe mkandarasi na mtendaji waje wakague nyumba pamoja nawe na wote mtie sahihi. Ufa ukipita alama ya penseli baada ya kazi kuanza, una la kusema.

Kupasua mawe kwa baruti kuna utaratibu mkali zaidi. Baruti zinasimamiwa na mamlaka za madini, na ulipuaji unahitaji mtu mwenye sifa, tahadhari kwa wakazi na saa iliyotangazwa. Ukisikia mlipuko bila tangazo, toa taarifa siku hiyo hiyo.

Vibarua wenyewe wanalindwaje?

Kelele za desibeli 85 kwa saa 8 ndizo mpaka unaotumika sana kwa usalama wa masikio kazini. Juu ya hapo masikio huharibika polepole na hayaponi. Grainda na mashine ya kuvunja zege huzidi hapo kwa urahisi. Usalama mahali pa kazi unasimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini. Kijana anayekata chuma bila vizibo masikioni anauza kitu ambacho mshahara wake hauwezi kukinunua tena, na mwajiri aliyemnyima vizibo ndiye anayewajibika.

Mashine ya kusaga na karakana ya kuchomelea katikati ya makazi zinaruhusiwa?

Muulize ofisa mipango miji wa Jiji kiwanja hicho kimepangiwa matumizi gani. Kama ni makazi tupu na matumizi hayakubadilishwa kisheria, tatizo limetangulia hata kelele.

Nimeshindwa kuvumilia. Nilalamike wapi, na kwa mpangilio upi?

Kwanza mwenye kelele mwenyewe, lakini mchana wa kesho yake, si saa 6 usiku wote mkiwa na hasira. "Shikamoo mzee, jana watoto hawakulala, tunaweza kuongea kuhusu zile spika?" Maneno kama hayo yamemaliza kesi nyingi kuliko barua.

Isiposaidia, nenda ofisi ya mtaa na uhakikishe lalamiko lako linaandikwa kwenye daftari, si kusikilizwa tu. Mtu akilalamika kwa mdomo kila wiki, siku ofisa mazingira wa Jiji akiuliza rekodi, hakuna. Baada ya hapo mtendaji wa kata, kisha ofisa mazingira wa Jiji, kisha NEMC Kanda ya Kati kwa barua yenye nakala za yaliyotangulia. Kwa baa au ukumbi unaorudia, taja pia leseni, ili ofisi ya biashara ihusike wakati wa kuhuisha.

Usiku, jambo likiwa linaendelea na limezidi, ni polisi: kituo cha karibu au 112. Eleza mahali, aina ya kelele, na kama kuna mgonjwa au fujo.

Ushahidi wa simu unakubalika?

Programu za simu za kupima sauti hukadiria tu, kwa sababu maikrofoni za simu hutofautiana na hazijahakikiwa. Kipimo rasmi huchukuliwa na wakaguzi kwa vifaa vyao. Hata hivyo kumbukumbu yako ina uzito mkubwa. Andika tarehe, saa ya kuanza, saa ya kuisha, ulikuwa chumba gani, dirisha limefungwa au wazi. Majuma manne ya kumbukumbu za namna hiyo, kutoka nyumba tatu tofauti, humwonyesha mkaguzi aje siku gani na saa ngapi. Rekodi ukiwa nyumbani kwako. Usiingie ukumbini kupiga watu picha.

Jina langu litajulikana?

Omba lifichwe, na uliandike ombi hilo kwenye barua. Lakini mtaa ni mdogo na nyumba iliyo karibu na baa inajulikana. Njia salama ni kwenda wengi: barua yenye sahihi za kaya kadhaa, ikiwezekana ipitie mkutano wa mtaa, haina mtu wa kunyooshewa kidole.

Ni kweli wanafungia, au ni vitisho?

Mei 2023 NEMC ilifungia baa na kumbi za starehe nyingi katika majiji kadhaa, Dodoma ikiwemo, kwa sababu ya kelele. Kuna faini, amri ya kusitisha shughuli, na mahakama kwa anayekaidi. Mwenye biashara ahesabu hasara ya wikiendi moja ya kufungwa, mishahara na nyama iliyo kwenye friji, alinganishe na gharama ya kurekebisha ukumbi.

Ndiyo kwanza nataka kufungua ukumbi. Nifanye nini nisije kugombana na watu?

Kabla hujalipia kiwanja, lala hapo jirani usiku mmoja usikilize utulivu uliopo, maana huo ndio utakaouvunja. Uliza Jiji matumizi ya ardhi ya kiwanja na ya vile vinavyokizunguka, ambavyo leo ni vichaka na kesho ni nyumba za watumishi. Pitia NEMC ujue unahitaji tathmini ya kiwango gani. Kwenye ujenzi, dari ya bati tupu na madirisha ya nondo bila vioo ni sawa na ukumbi usio na kuta. Weka dari nzito, milango miwili mfululizo, na jukwaa lipe mgongo makazi. Spika nyingi ndogo zilizotawanywa ukumbini zinatosha wageni kwa sauti ya chini kuliko mbili kubwa zilizo mbele. Jenereta ijengewe chumba chake. Kisha mitambo iwe na kidhibiti sauti ambacho funguo yake anayo meneja, na kwenye mkataba na kila DJ iandikwe kwamba haiguswi.